Nesi wa Filamu Kapewa Pamba ya Kweli

Leo nimeaibika, jamani, tena nikiwa ndani ya gauni la watu.

Mnajua mimi ni msusi hapa Sumbawanga mjini. Lakini kikundi chetu kinacheza filamu, na nyota ndiye mimi: nesi aliyebaki peke yake kwenye hospitali isiyo na wahudumu. (Nilipewa nafasi kwa sababu nalia haraka.) Tukaruhusiwa kurekodi kwenye zahanati moja nje ya mji, na nesi wao, Sista Adelina, akaniazima gauni lake la akiba. Yeye kweli yuko peke yake. Mwenzake yuko likizo ya uzazi, na yeye hajarudi kwake tangu jana.

Deo, mwongozaji wetu, akawa anahangaika na betri ya kamera. Nikatoka nje kuota jua, maana baridi ya huku haina adabu. Pale kwenye benchi la wagonjwa bibi mmoja akainama kidogo, akanipigia makofi ya taratibu, ile salamu yetu ya heshima ya Kifipa. Wengine wakafuata. Shikamoo nilipaswa kutoa mimi. Nilipaswa pia kusema kwamba nasuka nywele. Nikaitikia kwa kichwa, kama daktari bingwa. Heshima tamu, asikudanganye mtu.

Mara akaletwa mzee kajikata shoka mguuni, damu zinachuruzika. Sista akamlaza, akaanza kumsafisha. Hapo hapo, chumba cha pili, mama mwenye uchungu akapiga kelele kwamba mtoto anatoka. Sista akatazama huku, akatazama kule. Halafu akaniona mlangoni.

"Wewe, njoo. Vaa glavu. Kandamiza pamba hapa, usiachie mpaka nirudi."

Nikakandamiza. Nikamwambia mzee maneno yangu ya kwenye filamu, kwamba asiogope, sitamwacha. Pamba ikawa nyekundu. Kisha glavu. Kisha masikio yangu yakaanza kupiga filimbi.

Nilimwacha.

Kuzinduka, nimelala kitandani kwa mzee! Benchi zima lilikuwa limeingia kunibeba. Mzee mwenyewe kakaa kwenye kiti, mkono mmoja anakandamiza mguu wake, mwingine ananipepea kwa kofia.

"Pole, mwanangu," akasema. "Kazi inawaua. Hamlali, hamli."

Bibi wa makofi akaniinua kichwa, akaninywesha uji wa ulezi aliomletea mgonjwa wake. Nikanywa. (Ulikuwa na sukari.) Ndipo akaingia Sista Adelina. Mtoto kazaliwa salama. Akavuta kiti, akaanza kuushona ule mguu. Mikono yake imetulia, ila midomo imekauka kabisa. Nikashusha kikombe. Machozi yakanitoka, na safari hii hakuna aliyeniagiza nilie.

Nikasema yote. Kwamba mimi msusi, gauni la kuazima, na aliyechoka ni yule pale. Bibi akakichukua kikombe mkononi mwangu, akakijaza upya, akamngoja Sista amalize kufunga bandeji, akampa. Sista akanywa amesimama, mpaka mwisho.

"Kesho urudi umevaa hilo hilo gauni," akaniambia. "Ukizimia, na mimi nakula."

Deo anasema betri ilikuwa imeshakubali, kila kitu kimerekodiwa. Sasa atakayecheka, zamu ya kushika pamba ni yake.