Injini Kubwa ya Gari la Marehemu

Jina la Sumaku hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, baada ya watu kugundua kwamba chuma chochote kikikaa karibu naye siku mbili, kinamganda. Alikuwa na gereji yenye kibao kikubwa, suti ya kaki iliyopigwa pasi, na mikono misafi mno kwa mtu wa kazi ile. Spana alizijua kwa sura tu.

Asubuhi moja alikuwa akishuka kilima na gari lake refu jeusi, mara akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Katikati ya kilima kilisimama kigari cha kale cha Kiingereza, cha rangi ya maziwa, milango miwili, magurudumu yake hayazidi sahani. Nyuma yake mama mmoja alikuwa ameinama, anaweka jiwe chini ya tairi.

"Shikamoo mama. Limechoka?"

"Marahaba. Wala halijachoka, ndiyo tabia yake. Linafika hapa, linafikiri, linarudi."

Sumaku akaomba ruhusa, akainua boneti, moyo ukamruka. Injini ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani, hata namba zake hazijafutika! Ng'ambo ya mji kulikuwa na tajiri mwenye banda la magari ya kale, na kwa miaka mitatu alikuwa akitafuta kigari cha namna hii kikiwa na injini yake ya kwanza. Vyote viwili pamoja, alisema. Kimoja bila kingine alikiita chuma chakavu.

"Unaliuza, mama?"

"Kabla sijaliuza hili nitaanza kukuuza wewe."

Kumbe mama huyo alikuwa mkunga mstaafu, na gari lilikuwa la marehemu mumewe. Wifi yake, mwenye nyumba pale juu kabisa kilimani, alikuwa akidai kwamba mali ya kaka yake ni mali ya ukoo. Wamegombana hadi wakubwa wamechoka, wakakata shauri: Jumamosi ukoo unakutana kwa wifi. Gari likifika pale kwa nguvu zake lenyewe, bila kusukumwa wala kuvutwa, ni la mjane. Likishindwa, ni la wifi.

"Kiti cha dereva bado kina bonde lake," Mkunga alisema. "Nikikaa humo najiona nimekaa mapajani pake. Wakilichukua hili, mwanangu, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Mtu mwenye utu angetoa pole, akasukuma. Sumaku alitoa pole.

"Mama, hapa dawa ni injini. Nitakuwekea kubwa, upande kilima huku unapiga mluzi. Hii ndogo wala usihangaike nayo, nitakutupia mwenyewe."

Walipopatana tu, akageuza gari, akapanda moja kwa moja hadi kwa wifi mtu. Akamkuta anamwagilia maua. Akamweleza kwa adabu zote kwamba yeye ndiye atakayehakikisha kigari hakipandi. Kazi ya wifi itakuwa kukipokea, kisha amkabidhi yeye akiuze, wagawane.

"Sasa huo si wizi?" wifi aliuliza.

"Wizi ni kuchukua, dada. Sisi tunapokea."

Wifi aliiona tofauti mara moja. Watu wenye tamaa wana akili nyepesi sana ya sheria.

Kazi yenyewe ilifanywa na fundi wa Sumaku, mtu mzima mpole, bahili wa maneno. Injini kubwa haikuwepo gerejini, na Sumaku hakuwa na mazoea ya kununua, basi akaamuru ing'olewe ya gari lake mwenyewe. Alijipa moyo kwamba Jumamosi jioni kigari kitakuwa mikononi mwake, ataichomoa, maisha yataendelea.

Sasa, vigari hivi injini zake hulazwa ubavu, juu ya magurudumu ya mbele, na aliyevichora hakuacha nafasi hata ya kupitisha mkono. Fundi alipima, akakata bati, akahamisha rejeta, akapima tena. Injini ikagoma. Akakaa juu ya ndoo, akatafakari.

"Itaingia ikigeuzwa," alisema mwishowe. "Mbele yake iwe nyuma. Lakini magurudumu yatazunguka kinyume. Gia nne za kwenda mbele zitakuwa za kurudi nyuma, na ile moja ya kurudi ndiyo itakayokwenda mbele."

Sumaku alimkumbatia, suti na grisi. "Basi hiyo moja iue kabisa."

"Litabaki halina mbele."

"Ndiyo maana ya kazi, mzee wangu."

Ijumaa asubuhi Mkunga akaja kuangalia. Pale injini ilipochomoza nje ya boneti, fundi alikuwa amefunika kwa beseni la bati, kalipaka rangi ya maziwa.

"Mbona limetoa tumbo?"

"Ni nguvu hizo, mama."

"Matumbo nimeyaona mengi. Hili limekaa vibaya."

"Usiliwashe mpaka kesho," Sumaku alimwonya. "Injini ngeni hupumzishwa siku nzima, kama mzazi."

"Mzazi ninayemjua mimi hutembezwa," alisema Mkunga, lakini hakubisha zaidi. Gari likavutwa kwa kamba mpaka uani kwake, Sumaku mwenyewe akitembea pembeni kwa heshima, mkono juu ya beseni.

Jumamosi saa nne Sumaku alipanda kilima kwa pikipiki ya kukodi, kamba ya kuvutia gari begani. Akamruhusu dereva aondoke. Ukoo mzima ulikuwa umekaa barazani: shemeji mkubwa katikati, ndugu zake vijana watano wenye mabega pembeni, na wifi amevaa nguo mpya ya ushindi. Sumaku akajitambulisha kuwa ni fundi, amekuja endapo mama atahitaji msaada. Wakamsifu kwa moyo wake mwema, akapewa kiti.

Saa nne na nusu hakukuwa na kitu. Wifi akaanza kuulizia funguo za ghala. Mara huko chini ukasikika mngurumo. Sumaku aliijua sauti ile. Ameiendesha miaka sita.

Shemeji mkubwa akainuka, akakinga jua kwa kiganja. "Hilo gari linakuja au linaondoka?"

Swali lilikuwa la haki. Kwenye kona ilitokea bampa ya nyuma, zikafuata taa nyekundu, kikafuata kioo cha nyuma, na ndani yake uso wa Mkunga aliyejipinda shingo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umekumbatia kiti cha pembeni. Kigari kilipanda kilima kinyumenyume kwa mbio, kikavuka lango na kusimama juu ya maua ya wifi.

"Umefikaje?" Sumaku aliropoka kabla hajajizuia.

"Jana niliwasha. Nikatia gia ya kwanza, nikaangusha banda la kuku. Nikatia ya pili, nikaangusha choo cha jirani. Nikazima, nikakaa, nikafikiri." Mkunga akajifuta jasho. "Miaka thelathini na mmoja nimezalisha, mwanangu. Mtoto akitanguliza matako humgombezi. Unampokea hivyohivyo."

"Halihesabiki!" wifi alipiga kelele. "Limekuja nyuma mbele!"

"Tulisema lifike kwa nguvu zake," alisema shemeji mkubwa. "Hatukusema litangulize nini. Gari ni la mjane, na maneno yaishe."

Mkunga hakushangilia. Alibaki ndani ya lile bonde la kiti, akalia waziwazi, mkono ukipapasa usukani. Hata wale vijana wakatazama pembeni. Wifi naye hakuwa na muda wa machozi. Hasira zilimpanda, akamgeukia Sumaku mbele ya wote:

"Na wewe! Si uliniambia halitapanda?"

Mabega kumi yakainuka vitini kwa pamoja.

"Kumbe ni mapacha," alisema Mkunga, akimalizia kujifuta macho. "Kijana, una usafiri wa kurudi mjini?"

Sumaku akahesabu mambo haraka. Pikipiki ilishaondoka, gari lake halina injini, na kushuka kwa miguu huku vijana watano wanamfuata hakukumvutia. Akasema hana.

"Panda nyuma. Na wewe wifi, njoo ukae hapa pembeni yangu."

Wifi aliona ndugu zake wanavyomtazama, akapanda. Sumaku alikuwa ameshajikunja kiti cha nyuma, magoti yanagusa masikio. Milango miwili ikafungwa, na kila mmoja ulikuwa na mwanamke. Mkunga akauzunguka ua kinyumenyume, akamaliza maua yaliyobaki, akalielekeza tako la gari langoni.

"Tunakwenda wapi?" Sumaku aliuliza.

"Gerejini kwako. Mkunga hatoki chumbani kabla hajaona kondo la nyuma. Injini ya mume wangu iko wapi?"

"Ile... niliitupa, mama."

"Basi tutakwenda jalalani, utaichambua kwa mikono hadi uione."

"Iko chini ya meza ya ofisi."

"Vizuri. Na hii iliyomo humu ilikuwa ya nani?"

"Ni ya kwangu."

"Nimesema ilikuwa."

Wakatoka langoni. Hapo ndipo Sumaku alipong'amua kwamba katika gari hili, aliyekaa nyuma ndiye anayetangulia. Kilima chote kilimjia usoni kupitia kioo: kona, mtaro, lori la mchanga linapanda taratibu katikati ya njia. Wifi alikuwa amefumba macho.

"Mama, polepole! Weka gia ndogo!"

"Nichague ipi, mwanangu?" Mkunga alisema huku amejipinda, akimtazama vizuri kabisa. "Zote umenipangia wewe."

Akatia ya nne.