Kiapo cha Mkono wa Kulia

Jumatatu, 9 Juni
Kibondo, mazoezi ya bega. Wiki ya sita tangu upasuaji. Lilishateguka mara nne, mara ya mwisho nikijipaka sabuni! Dada Pelagia, mtaalamu wa mazoezi, kanipima: mkono unafika kifuani tu. Nitembeze vidole ukutani, nisizidi usawa wa bega. Nikamuuliza, juujuu tu, je, mtu akiinua mkono kula kiapo? Akaacha kuandika.

"Ndugu, hapo ndipo linapochomoka. Likitoka tena, pikipiki utaiona kwa macho."

Nimeogopa. Jumamosi kijiwe chetu cha bodaboda Kasulu kinachagua mwenyekiti. Kila mgombea anaapa kwanza kwamba hakuhonga mtu. Mkono wa kulia, juu.

Jumatano, 11 Juni
Nimeomba kuapa kwa kushoto. Mansuri, mpinzani wangu, kacheka mbele ya watu. Eti mkono wa chooni hauapi. Nyumbani nimetembeza vidole mpaka alama ya chaki, nikasogeza alama juu. Mkono haukuifuata. Mke wangu Consolée kaifuta alama kwa kitambaa cha vyombo. Kitambaa hicho kinanitisha kuliko Mansuri.

Ijumaa, 13 Juni
Akili! Mshipi wa kuvulia, hauonekani. Nafunga kwenye kifundo cha mkono, unapita juu ya boriti ya banda la kijiwe, unatokea nyuma kwa rafiki yangu Bazilio. Hataniona, kwa hiyo ishara ni makofi. Mgombea akiitwa, watu hupiga. Yeye avute taratibu, aishie begani. Kaapa kwamba kanielewa.

Jumamosi, 14 Juni
Mzee Niyomwungere, msimamizi wa uchaguzi, akaingia. Sote tukainama tukapiga makofi ya heshima, kama Waha tunavyomsalimu mkubwa. Mimi ndiye niliyeanza!

Mkono ukaondoka. Kifua. Bega. Sikio! Nikahisi mfupa unasogea palepale pa siku zote. Jasho. Mzee akadhani naomba kusema, akaniruhusu. Banda kimya, mshipi umekaza. Nikisema jambo zuri watapiga makofi, na Bazilio atavuta. Nikatafuta neno ambalo hakuna atakayelipigia. Nikasema najitoa.

Makofi sijawahi kusikia mfano wake. Mansuri alipiga amesimama. Nilikuwa juu ya ncha za vidole vya miguu mshipi ulipokatika.

Jumatatu, 16 Juni
Kibondo tena. Bega halikutoka, lakini kano zimevutika. Wiki tatu mkono shingoni, mazoezi yaanze upya. Consolée kanisindikiza, maswali yote kajibu yeye. Dada Pelagia kaniuliza kama nimejifunza.

Nimejifunza! Kosa lilikuwa makofi. Mwezi ujao wanachagua mweka hazina, naye anaapa. Nimemwagiza Bazilio mshipi mnene usiokatika. Na safari hii, pale kijiweni kwetu, ishara itakuwa honi.