Malalamiko Juu ya Neno "Big", Lisilo na Ukoo

Kanazi, Bukoba
3 Machi, 1952

Bwana Mhariri,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa mwili, roho ndiyo inayougua. Naomba nafasi gazetini mwako nilishitaki neno la Kiingereza, "big", ambalo watoto wetu hufundishwa kuwa ni "kubwa".

Binti yangu Adventina ameposwa na Mwalimu Datius, kijana aliyelelewa misheni tangu mchanga, asiyejua ukoo wake. Nikakataa. Kwetu Wahaya mgeni huulizwa ukoo kabla hajapewa kahawa ya kutafuna, sembuse binti! Adventina akaniletea kamusi ya huyo Mwalimu, akanisomea, kisha akasema: "Tata, hata neno hili halijulikani lilikotoka, na Bwana DC analitumia kila siku."

Nimelichunguza, na haya ndiyo malalamiko yangu:

1. Kamusi inakiri waziwazi kwamba asili yake haijulikani. Wazungu hawa hawa wanaoandika hata idadi ya mbuzi wetu!

2. Halitulii. Lilianza kwa mwenye nguvu, likahamia kwa mnene, likapanda kwa mwenye cheo, hata wajawazito halikuwaacha. Ndiyo tabia ya asiye na kwao: leo umempa kiti, kesho yuko kitandani.

3. Mwenzake "large" ana wazee wanaojulikana, Warumi, na zamani alimaanisha mkarimu. Huyo ningempa binti.

4. Basi Serikali ilifukuze shuleni mpaka lilete wazee watatu wa kulishuhudia. Kwa sasa ziwa, meli na Bwana DC mwenyewe tuwaite wa wastani.

Sifichi, inaniuma. Tangu Jumapili binti hanisemeshi, chakula ananiwekea mlangoni na kuondoka. Nampenda mno mtoto huyu.

Wasalimie wapiga chapa wako wote, na wa nyumbani kwako.

Ni mimi, mwenye ukoo unaojulikana,
Elieza Rugaibula, Mzee wa Kanisa

N.B. Nilitaka kuambatanisha majina ya babu zangu saba yawe mfano mwema. Mama yangu Kokubanza akataja watatu tu. Nilipombana, akasema wa nne aliokotwa mtoto kwenye migomba, hajulikani wa nani. Wakamlisha ndizi, wakampa ukoo. Mama amelijua hili miaka yote!

Tafadhali usiichape barua hii. Adventina ameanza kunisemesha. Harusi ni Jumamosi baada ya Pasaka, nawe karibu sana. Kahawa utapewa mlangoni, na ukoo hatutakuuliza.