Kaseti Safi ya Mzee Bakari

Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Inna lillahi. Mzee Bakari wa Bofu amefariki alfajiri. Msiba mkubwa. Tulikuwa tumemaliza nomino, vitenzi bado. Nimevuka feri muhula mzima kwenda kukaa barazani kwake na kinasa sauti changu, maana Likoni nzima hakuna mzee mwenye konsonanti za Kidigo kama zake. Sasa ananiachia kazi nusu. Mungu amrehemu.

Gershom kanipa pole ofisini. Yeye hufundisha mofolojia, mimi fonolojia, na Bi Agneta, mkuu wa chuo, atampeleka mmoja wetu kongamanoni Dar es Salaam. Baada ya pole akauliza marehemu ameacha nani. Pole gani hiyo? Namjua huyo. Marehemu ameacha mjane, Bi Mwanasaumu, mwenye Kidigo kile kile. Lazima nimwahi.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimekwenda hitimani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaketi mkekani na wanaume, nikaitikia dua, nikala pilau, kisha nikamvuta kando Dhahabu, binti wa marehemu. Nikamwomba kwa adabu nimrekodi mamake vitenzi vichache tu.

Akasema mama amekalia eda, mwanamume asiye maharimu hamwoni. Kana kwamba mimi si Mwislamu! Nikamweleza kuwa sitaki kumwona, nataka sauti, na pazia halizuii irabu. Akaniangalia sana. Kisha akasema mama naye ana ombi. Amesikia sauti ya mumewe imo katika mashine yangu. Picha hana, Mzee hakupenda kupigwa. Tangu Jumatatu hataki chakula, uji anaurudisha, na neno alilosema ni hilo moja tu: anataka kumsikia.

Nikakubali papo hapo. Yeye atamsikia mumewe, mimi nitapata vitenzi. Nilijizuia nisitabasamu, maana pale ni matangani.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimezipitia kaseti zote. Safi, wallahi. Dzitso, dzitso, dzitso, yaani jicho. Dzino, dzino, dzino, yaani jino. Kila neno mara tatu, katikati kimya. Watu hawajui usafi huu una jasho. Mzee Bakari alikuwa mgumu kurekodi. Alikohoa, alinitania, alisalimiana na wapita njia. La kuudhi zaidi, katikati ya maneno aligeukia mlangoni kumuuliza mkewe kama ameshakula. Kila nilipokwenda! Nilimwomba aache. Akacheka, akasema ni mazoea ya miaka, mdomo unakwenda wenyewe. Basi kila alipouliza nilirudisha kaseti nyuma nikafuta.

Bi Agneta amesikiliza, akausifu usafi. Gershom naye kasikiliza. Akauliza mbona mzee huyu hacheki. Wivu.

Jumamosi, 8 Oktoba

Bofu. Nikaketi nje ya mlango, pazia katikati, mashine kizingitini. Bi Mwanasaumu ndani na Dhahabu. Nikabonyeza. Dzitso, dzitso, dzitso. Ndani kimya. Nikajua wamevutiwa.

Upande wa kwanza ulipokwisha, Dhahabu akatoka. Mama anauliza, Mzee mwenyewe anaanza kusema wapi? Nikajibu ndiye huyo, tangu mwanzo. Akaingia, akatoka tena. Mama anasema sauti ni yake, lakini anazungumza kama aliyekamatwa na polisi. Hamna mahali anapomwita?

Nikaeleza, kwa sauti ya kufika ndani, kwamba mahali hapo palikuwapo, tena pengi, lakini ni kelele kitaalamu, na nimepafuta pote kwa uangalifu mkubwa. Nilitarajia swali. Nikasikia kilio. Hakikuwa kikubwa, ila hakikwisha. Irabu ndefu, nzuri sana. Sikurekodi kwa sababu betri zilikuwa zimedhoofika.

Vitenzi sikupata. Nilirudi na uzito kifuani. Nikanywa tangawizi kivukoni, haukutoka.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimeibiwa. Kaseti yangu ya kwanza kabisa, ile niliyojaribia mashine barazani kwa Mzee, nilishampa Gershom mwanzo wa muhula afundishie wanafunzi wake. Kwangu ilikuwa takataka: vicheko, kuku, mzee na mkewe wakiitana. Jana Gershom kaipeleka Bofu pamoja na redio yake ya kaseti, bila kuniambia.

Nimejuaje? Dhahabu amefunga safari mpaka chuoni huku Kisauni kumshukuru. Gershom, si mimi. Nilisimama pale pale wakazungumza kana kwamba mimi ni kabati. Dhahabu akasema jana walipoiwasha, Mzee akamuuliza mama kama ameshakula. Mama akajibu, akiielekea redio, kwamba bado. Akaomba uji. Akaumaliza. Gershom akageuka akafuta miwani yake.

Nikaenda kwa Bi Agneta kushtaki wizi wa data. Akauliza sauti ile ni ya nani. Nikamjibu kuwa, kwa kanuni za utafiti, ni yangu. Akasema Gershom atakwenda Dar es Salaam. Kila nikifikiri sioni uhusiano.

Jumatano, 12 Oktoba

Alhamdulillahi! Nimepata mzee mwingine, Mtongwe. Mzee Mwidani, meno yote yapo, konsonanti kama za marehemu. Tumeanza leo leo na vitenzi, nisije nikaachwa tena.

Safari hii nimejipanga. Mkewe, Bi Waridi, nimemwomba akae jikoni na mlango aufunge. Mzee nimemwonya mapema asigeuke wala asiite mtu. Akaahidi.

Lima, lima, lima. Lala, lala, lala. Tulikwenda vizuri mpaka adhuhuri. Hapo harufu ya samaki ikatoka jikoni, mzee akageuka, akapaza sauti kumuuliza Waridi kama ameshakula.

Nimefuta.