Sampuli Hairudi

"Sikupi. Ukikiuza je?"

"Nani auze? Nakaa nacho siku moja tu."

"Wewe hata kiberiti sikuazimi."

Huyo wa kiberiti ni fundi wa nyaya za faiba. Anayembembeleza ni mume wa dada yake, mtaani wanamwita Profesa, kwa sababu shule aliiacha darasa la saba na tangu hapo hajaacha kufundisha watu. Profesa alisikia shirika moja linatafuta visanduku vya faiba, vile vinavyokusanya nyaya zote za jengo sehemu moja ili intaneti iende kila chumba. Wanataka ishirini. Akapanga apeleke kimoja kizima kama sampuli, wakishalipa awaletee ishirini vitupu, taa za kumetameta ndani. Kichwa chake kikamwambia hiyo ni akili kubwa. Kichwa hichohicho kiliwahi kumshauri afuge kuku kwenye choo cha mwenye nyumba.

Shemeji mwishowe akatoa kisanduku kimoja cha stoo ya kazini kwake, shingo upande. Sharti ni kirudi kabla ya Ijumaa. Ijumaa bosi wake anakagua stoo, na kisanduku kisipoonekana, yeye kazi hana.

Alhamisi asubuhi Profesa akasimama mbele ya kamati ya manunuzi, tai shingoni, vyeti vya kughushi mkononi, akawaeleza habari za kasi ya mwanga mpaka na yeye mwenyewe akaanza kujiamini. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. Mama wa stoo ya shirika aliuliza kitu kimoja tu, kama kisanduku kinaweza kufungwa wakione kikifanya kazi.

Profesa akajiona ameshawala. Akavua koti, akatoa karatasi ya namna ya kukifunga, aliyochorewa na shemeji, akatambaa juu ya dari kama panya, ghorofa zote tatu. Jioni intaneti ikawa inakimbia kila chumba. Maishani hajawahi kuhangaikia kazi ya halali namna ile, na aliihangaikia ili aibe.

Mama wa stoo akakibandika kisanduku karatasi nyeupe, akafunga kwa kufuli kabati kilimowekwa.

"Asante mwanangu. Sampuli hairudi. Tutakupigia."

Ndipo Profesa akaangalia vizuri. Kiti alichokalia kina karatasi nyeupe: sampuli. Feni, sampuli. Printa, saa ya ukutani, mpaka pazia. Hawa watu hawajawahi kununua kitu. Wanatangaza tu kwamba wananunua.

Akajaribu kulia. Akatishia polisi, mama akamjibu kwa upole kwamba polisi waje tu, watamsaidia kukagua na vile vyeti vyake. Mwisho akajaribu ukweli, kitu ambacho mkono wake haukukizoea, akasema kisanduku ni cha kazini kwa shemeji yake.

"Basi aje mwenyewe, na barua ya bosi wake."

Shemeji alikuwa anamsubiri getini. Profesa akamweleza yote, macho kwenye viatu. Shemeji hakufoka, na hiyo ndiyo ilimtisha.

"Umefunga vyumba vingapi?"

"Thelathini na viwili."

"Na vyote vinashika?"

"Vyote. Nimepita kimoja kimoja."

"Jengo kama hili mimi hunichukua siku nne." Shemeji akavua mkoba wa vifaa begani, akamvisha Profesa. "Kesho nenda kwa bosi, mwambie nani kakifunga na kiko wapi. Nafasi yangu itakuwa wazi."

Akageuka, akaondoka.