Nyuzi 66 za Chumba cha Maren

Jumatatu, 6 Januari
Chumba cha Maren kina baridi. Mtoto wa miezi saba, pua kama barafu! Bwana Halvorson, mwenye nyumba, anasema hita yake haina neno. Nikafunga kihisi joto kwenye kikompyuta changu cha kuchezea. Kikasoma nyuzi 61 za Farenhaiti. Mara 70. Mara 54. Mzee akacheka: Mama Maren, hiki kidude kimelewa? Namba ikitulia chini ya 65, ndipo atagusa hita.

Jumanne, 7 Januari
Shemeji Verlyn, mjuzi wa kila kitu, kasema kihisi ni kinyonge, waya mrefu, na kikompyuta kinakinyonya kila kinaposoma. Niweke chipu ya bafa katikati: inaiga volti ileile, mzigo inabeba yenyewe. Kunyonywa nakujua! Akataka kuninunulia. Nimekataa, atajigamba mpaka Pasaka. Nimeng'oa moja kwenye spika mbovu. Miguu minane. Chipu ni chipu.

Jumatano, 8 Januari
Imetulia! 66. 66. 66. Nimelia kwa furaha. Halafu nikakumbuka: 66 si chini ya 65. Nimekitoa kihisi nje, kwenye theluji. 66! Verlyn kwenye simu: shemeji, chipu hiyo haifiki juu. Baridi ikizidi volti hupanda, yenyewe inagota darini na kubaki 66. Chini ya 66 haioni kitu. Ataleta nyingine Jumamosi. Mzee anakuja kesho!

Alhamisi, 9 Januari
Kaja. Kaona 66, katabasamu: si unaona, mama? Nikamwandalia kahawa palepale chumbani, nikamuuliza habari za kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda. Hapo hanyamazi. Kahawa ikapoa. Akavaa kofia. Akavaa glavu. Bado anasema 66 ni joto zuri! Maren akapiga chafya, mvuke ukamtoka mdomoni. Mzee akavua glavu, akamshika vidole. Akashuka kwenye hita bila kuaga. Vali ilikuwa imekwama.

Jumamosi, 11 Januari
Maren kalala bila soksi, mashavu mekundu. Mwanangu! Verlyn kaleta chipu inayofika juu. Nimeshukuru, nimeitia drooni. Ya nini, na yangu ndiyo iliyomleta mzee? Hiyo ya spika nimeihamishia, pamoja na kihisi chake, kwenye friza yenye maziwa ya Maren. Nusu saa sasa: 66! Maziwa ya wiki mbili! Nimempigia Bwana Halvorson aje mbio, friza imekufa. Na safari hii asiniletee habari za ulevi: namba imetulia tangu mwanzo.