Kubonyeza Tisa Badala ya Sifuri

Leo nimeaibika. Nimeaibikia dukani kwangu, nyuma ya pazia nililolishona kwa mkono wangu mwenyewe. Nawaandikia na chakula cha mchana sijakigusa.

Mnajua nina steshenari hapa Bondeni. Napiga kopi, nachapa barua, na mlangoni kuna kibao: TUNAFUNDISHA KOMPYUTA. Wanafunzi wangu wote wanaijua amri yangu ya kwanza, kwamba mausi ni ya wavivu. Mikono ikae kwenye kibodi. Ukitaka maandishi ya mtandaoni yawe makubwa, shikilia kontroo, bonyeza jumlisha. Yawe madogo, kontroo na kutoa. Yarudi kama yalivyokuwa, kontroo na sifuri. Nimewagonga watu vidole kwa rula kwa ajili ya jambo hili (watu wazima, wenye wajukuu).

Leo alikuwa anakuja baba mkwe wangu. Mwalimu mkuu mstaafu, sasa analima kakao, mtu wa kauli moja. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali imempa nafasi ya kupasuliwa Alhamisi hii, lakini barua yao ni ya mtandaoni, na mwisho wa kuijibu ni leo saa kumi jioni. Ndiyo au Hapana. Asipojibu, nafasi anapewa mgonjwa mwingine, na hakuna anayejua nyingine itapatikana lini. Nyumba nzima imembembeleza. Yeye anasema anaona vizuri tu, ila siku hizi vitabu vinachapwa kwa wino hafifu. Kusomewa hataki. Amefundisha watu kusoma maisha yake yote, leo asomewe na nani? Basi mume wangu akamwomba aje dukani, aisome barua mwenyewe na aamue mwenyewe.

Mume wangu ndiye angempokea. Saa tano akanipigia simu, yuko Kasumulu mpakani, mzigo wao umekwama kwenye ukaguzi, hatawahi. Nikamwambia asijali, nitamwita Tusekile, jirani yangu anayekaanga maandazi mlango wa pili.

Mtaniuliza kwa nini nisimpokee mwenyewe. Kwa wasio wa kwetu: mimi ni mke wa mwanawe. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hakai uso kwa uso na baba mkwe wake. Simpi mkono, sisemi naye, nikimwona njiani nakata kona. Vijana wengi wameacha. Nyumbani kwetu hatujaacha. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mzee yule namjua kwa mgongo na kwa kikohozi.

Nikamfungulia barua yake mapema, ikakaa ukurasa wa kwanza. Muda ulikuwepo, nikafungua na wasap kwenye kompyuta hiyohiyo, ukurasa wa mwisho, nikawa namwandikia dada yangu yaliyonijaa moyoni. Kibodi yangu haina waya, huwa naipakata. Nimeandika, nimetuma, napumua. Nikasikia kikohozi.

Bajaji ilikuwa imemshusha nje, saa nzima kabla ya wakati (walimu!). Nikairudisha barua kwenye kioo, nikaruka nyuma ya pazia ninakoweka maboksi ya karatasi. Nikatulia. Nikajipongeza kwa wepesi wangu, mwili huu wote. Halafu nikaona kibodi bado nimeikumbatia.

Tusekile akaja mbio na unga mikononi, akamsalimia mzee kwa Kinyakyusa kirefu chenye adabu zote, akamkalisha mbele ya kompyuta. Kwenye benchi walikuwepo wateja wawili wanaosubiri kopi, baba mmoja na mama mmoja wa kwaya. Wote wawili walikuwa wameniona nikiruka. Hawakusema neno, Mungu awabariki.

Mzee akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akamwambia Tusekile amweleze mwenye duka kwamba maandishi ya hospitali ni hafifu. Tusekile akaja kwenye pazia, akanong'ona. Nami nikanong'ona kwamba asiwe na wasiwasi, kazi hiyo ndiyo yangu, naikuza kutoka hukuhuku. Nikajisikia mtaalamu hasa.

Sasa sikilizeni. Nyuma ya pazia hakuna taa. Kioo kimenipa mgongo. Na kibodi yangu imezeeka, herufi na namba za juu zimefutika zote. Nikashika kontroo, nikapapasa, nikabonyeza mara tatu.

"Sasa ndiyo yamepotea kabisa," mzee akasema.

Nilikuwa nimebonyeza kutoa. Mwalimu wa kompyuta huyo. Si neno, dawa yake naijua, kontroo na sifuri, kila kitu kinarudi mwanzo. Nikahesabu vitufe kwa kidole kutoka mwisho. Nikabonyeza.

Hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Kile hakikuwa sifuri. Kilikuwa tisa. Na kontroo na tisa haikuzi wala haipunguzi, inakurusha moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho uliofunguliwa. Hilo nalo huwa nalifundisha, wiki ya pili.

Nikamuuliza Tusekile kama yamerudi. Harufu ya maandazi yanayoungua ilikuwa imeshamfikia, akajibu yamerudi bila kuangalia sawasawa, akatoka mbio. Mzee akasema yameanza kuonekana, yaongezwe. Nikaongeza. Mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba.

"Hapo hapo," akasema. "Sasa hii ndiyo barua."

Akasafisha koo. Akaanza kusoma kwa sauti, sauti ileile ya kutangazia matokeo mbele ya shule nzima.

"Dada. Mzee anakuja leo kujibu ile barua ya macho." Akakunja uso. "Hawa madaktari wanaandikaje namna hii?"

Mwili ulitaka kuruka nje ukazime kompyuta, lakini kuruka nje ni kumtokea usoni. Nikatafuta kutoa. Nikapata jumlisha. Nikabonyeza tena, nikapata jumlisha ileile. Baadaye mama wa kwaya aliniambia maneno yalikuwa yanajaza kioo, mawili, matatu kwa wakati mmoja. Mzee akawa anayasogeza kwa mausi (ile ya wavivu) na kuyasoma moja moja, kwa kituo, kama imla.

"Anasema anaona. Haoni. Ni mbishi. Jumapili, mlangoni pa kanisa, alinishika mkono. Mimi. Alidhani ni mke wa mchungaji. Akaniuliza habari za watoto."

Yule baba wa benchini akainamisha kichwa. Mashine ya kopi ilikuwa inaunguruma, mama wa kwaya akanyanyuka akaizima, sijui kwa nini. Mzee hakuacha. Mwalimu haachi sentensi katikati.

"Nikashindwa kuuvuta mkono. Nikamjibu watoto hawajambo. Sijamwambia hata mume wangu. Mzee akijua, aibu itamuua."

Ujumbe ulikuwa umeishia hapo.

Nilikaa chini juu ya boksi la karatasi. Sikuwa na pa kwenda. Miaka kumi na tisa nimemkwepa mzee wa watu kwenye misiba, kwenye harusi, sokoni, nimewahi kuingia kwenye jaruba la mpunga na viatu vya kanisani ili asipishane nami. Siri moja tu nilimtunzia, nayo nimemwandikia kwa herufi kubwa kama za bango la mkutano wa injili.

Tusekile akarudi, akasimama mlangoni na mwiko wake, akaelewa kuna jambo. Mzee hakugeuka. Akamsemesha yeye, kwa sababu mimi hawezi kunisemesha, lakini alisema kwa sauti ya kunifikia.

"Tusekile, mwambie mwenye kibodi anirudishie barua yangu."

Nikavuta kona ya pazia ili mwanga uingie, nikahesabu vitufe mara mbili. Kontroo na moja. Kisha kontroo na jumlisha, taratibu, mpaka Tusekile aliponiambia inatosha. Mzee akaisoma barua ya hospitali kimya, midomo tu ikicheza. Akamwomba Tusekile amwonyeshe kwa kidole palipoandikwa Ndiyo. Akaibonyeza mwenyewe, kwa nguvu, kama anagonga mhuri. Saa ilikuwa nane na robo.

Halafu akabaki amekaa.

"Mwambie sikumshika mkono kwa kumdharau," akasema. "Niliona kitambaa cheupe tu. Mwambie tangu mvua zilipoanza, nikisikia mwanamke anakuja njiani naingia kwenye kakao, nasimama humo mpaka apite. Kila mwanamke. Kwa sababu sijui yupi ni yeye."

Tusekile akanigeukia ili anieleze, kana kwamba pazia lile ni ukuta wa mawe. Nami nilikuwa nimeziba mdomo kwa karatasi ya A4, nalia (karatasi hiyo imeharibika, nimeiandika kwenye hasara).

Nilimwambia Tusekile amjibu kwamba nimeshukuru na kwamba sikuona dharau. Akamjibu. Mzee akasema ndaga, ndiyo asante ya kwetu, akachukua fimbo yake.

Nikachungulia akitoka. Sikupaswa, najua. Nje ya duka langu fundi cherehani huwa anaweka sanamu lake la kuvalisha nguo, na leo alikuwa amelivika gauni na kitambaa cheupe kichwani. Mzee alipolifikia alisimama ghafla. Akavua kofia. Akainamisha macho, akashuka barabarani kwenye tope, akalizunguka lile sanamu mbali, akalipisha njia kwa heshima yote aliyonayo.

Jamani, anapasuliwa Alhamisi. Wa kunicheka mimi anicheke kuanzia sasa, nimestahili. Lakini yeye msimcheke, na mkikutana naye njiani kabla ya hapo, mtajieni majina yenu mkiwa bado mbali.